Kuchagua Chuo Kinachokufaa: Busara ya Kupanga Orodha ya Maombi ya Chuo Kikuu



Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, kwa kawaida mwezi Julai, sisi waseminari tulio likizo maparokiani tunapata wageni wengi. Wanakuja wadogo zetu wa TYCS wakiwa na matokeo kwenye simu, wanakuja wazazi baada ya Misa, na wengine wanapiga simu kutoka kambi za JKT kila wanapopata nafasi. Swali lao karibu siku zote ni moja: "Frateri, chuo kizuri ni kipi?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Nyuma yake kuna baba aliyekwisha kuuza ng'ombe au kukopa VICOBA, kuna mama anayesali rozari kila jioni, na kuna kijana ambaye miaka mitatu, minne au mitano ya maisha yake itategemea vitu vichache atakavyojaza kwenye fomu ndani ya wiki chache. Akichagua vibaya, gharama yake ni sapu kila muhula, kudisko, deni la mkopo lisilo na shahada, na aibu ya kurudi kijijini. Kwa hiyo tumeona tuandike kwa utaratibu yale tunayowajibu kwa vipande vipande.

Chuo kizuri kwa kazi gani?

Mwanafalsafa Aristotle anatufundisha kwamba wema wa kitu hupimwa kwa kazi yake na lengo lake. Kisu kizuri ni kile kinachokata vizuri, na jembe zuri ni lile linalolima vizuri. Ukichukua kisu kikali kuliko vyote sokoni ukaenda nacho shambani kulima, utarudi na mikono yenye malengelenge na shamba halijalimwa. Kisu hakina kosa lolote. Kimepelekwa mahali ambapo si pake.

Vivyo hivyo, "chuo kizuri" bila kusema "kwa nani" na "kwa kusomea nini" ni maneno yasiyokamilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, ni chuo cha heshima kubwa na kimelea viongozi wengi wa nchi yetu na nchi jirani. Lakini kijana anayetaka kusomea udaktari wa mifugo au sayansi ya udongo ataangalia Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho tangu mwaka 1984 kazi yake kubwa ni hiyo. Anayetaka upimaji wa ardhi au mipango miji ataangalia Chuo Kikuu Ardhi. Anayetaka kulea wagonjwa akiwa karibu na hospitali kubwa ya rufaa ataangalia Muhimbili, Bugando au KCMC. Hakuna kilichomshinda mwenzake hapo. Kila kimoja kina kazi yake.

Katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, Aristotle huyo huyo anachunguza kama heshima inaweza kuwa lengo kuu la maisha. Anakataa, na sababu yake inatuhusu: heshima inawategemea zaidi wale wanaoitoa kuliko yule anayeipokea. Mtu anayechagua chuo ili jirani wamsifu amewakabidhi jirani uamuzi wa maisha yake. Jirani watasifu siku moja, siku ya kuaga, kisha watarudi kwenye shughuli zao. Atakayekaa darasani usiku akipambana na hesabu asizozipenda ni yeye peke yake.

Je, jina la chuo halina thamani?

Tulivyozoezwa darasani, kabla ya kusimamia hoja ni lazima kusikiliza hoja ya upande wa pili. Wapo wanaosema: "Frateri, acha maneno. Ukiwa na cheti cha chuo kinachojulikana, mwajiri anakuita. Chuo kikubwa kina maktaba, kina maprofesa, na unakutana na watu watakaokuja kukusaidia."

Hoja hii ina ukweli ndani yake, na tunaukubali. Chuo cha zamani mara nyingi kina vitabu vingi zaidi na wahitimu wengi zaidi waliotangulia kazini. Lakini tunatofautisha mambo mawili.

Kwanza, faida hizo ni za yule anayezitumia. Maktaba kubwa haimsaidii mwanafunzi anayelala njaa kwa sababu kodi ya chumba imemaliza bumu lote. Profesa maarufu hamsaidii mwanafunzi aliyechukua kozi asiyoiweza kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa na nafasi kwenye chuo alichokitamani. Kuhitimu vizuri mahali pasipo na jina kuna faida kuliko kudisko mahali penye jina.

Pili, katika fani nyingi jina la chuo lina kikomo, kwa sababu mbele kuna lango moja ambalo wote wanapita. Tuchukue sheria. Shahada ya sheria inafundishwa Dar es Salaam, Mzumbe, SAUT pale Mwanza, Ruaha pale Iringa na kwingineko. Lakini anayetaka kuwa wakili hupitia mafunzo ya vitendo ya Shule ya Sheria jijini Dar es Salaam, na pale wahitimu wa vyuo vyote wanakaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja. Mhasibu anayetaka CPA anafanya mitihani ya NBAA, popote alikosomea. Daktari anamaliza miaka mitano, anafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na kusajiliwa na Baraza la Madaktari. Mhandisi anasajiliwa na bodi yake. Kwenye malango hayo swali ni moja: unaijua kazi?

Kuna pia majina yanayodharauliwa bila sababu. Tumesikia watu wakisema kwamba aliyepangiwa DUCE au Mkwawa "hakupata Mlimani". Hivyo ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada wanayopewa wahitimu ni ya chuo hicho hicho. Tofauti iko kwenye masikio ya wanaosikia jina.

Na kwa haki tuseme hata lile linalotugusa sisi wenyewe: jina la Kikatoliki peke yake pia halitoshi. Tunavipenda vyuo vya Kanisa letu, na Maaskofu wetu wamevianzisha kwa jasho kubwa. Lakini mzazi asimpeleke mtoto kwenye chuo cha Kanisa kusomea kozi isiyomfaa kwa sababu tu kuna kikanisa getini. Vyuo vingi vya serikali vina tawi la TMCS, vina Misa ya Dominika, na vina padre mlezi wa wanafunzi. Imani inaweza kulelewa huko pia, mradi kijana mwenyewe aitafute.

Mavazi ya Sauli

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano mzuri katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17. Daudi anapotaka kupigana na Goliathi, mfalme Sauli anamvika mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na upanga. Hayakuwa mavazi ya hovyo. Pengine hayakuwapo mengine bora kuyazidi katika kambi nzima. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa, kwa kuwa hakuyazoea. Akayavua. Akachukua fimbo yake, kombeo lake na mawe matano laini ya kijitoni, vitu alivyovitumia tangu anachunga kondoo.

Tuangalie mambo matatu. Daudi aliyajaribu mavazi kwanza, hakuyakataa kwa kiburi. Alipoona hayamfai, alisema wazi mbele ya mfalme, jambo ambalo vijana wengi wanaliogopa mbele ya wazazi wao. Na alipoyavua hakukimbia vita. Alikwenda kwenye vita ile ile, kwa silaha inayomfaa. Kuchagua kinachokufaa si kujidharau wala kutafuta njia rahisi. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hawakusema ndege wadogo wasiruke.

Sasa tuingie kwenye namna ya kufanya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasema fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru jambo litendeke. Tutafuata mpangilio huo.

Tendo la kwanza: Kutafuta shauri

Shauri la kwanza ni kujitazama mwenyewe. Usianze na orodha ya vyuo, anza na daftari tupu. Andika somo ambalo ulikuwa unalisoma bila kusukumwa na mwalimu. Andika somo ulilopata alama nzuri kwa kukariri tu, usilotaka kuliona tena. Andika kama unajifunza zaidi kwa kusikiliza, kwa kusoma peke yako, au kwa kushika vitu kwa mikono. Andika afya yako ilivyo, na kama kuna mtu nyumbani anayekutegemea. Mwenye mama mgonjwa Songea atafikiri mara mbili kabla ya kujaza chuo cha Bukoba, na kufikiri huko ni upendo.

Shauri la pili ni kuijua programu. Watu wengi wanachagua chuo, halafu wanatafuta kozi ya kuingilia. Tunashauri mgeuze: chagua kozi, halafu tafuta inafundishwa wapi. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inatoa mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo vinavyotambuliwa, programu zake, sifa za kuingia, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Usome mwongozo wa mwaka huu, si ule wa kaka yako. Kisha ingia kwenye tovuti ya chuo uone masomo yanayofundishwa mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Vijana wengi wanashtuka kukuta takwimu ndani ya kozi waliyoichagua ili wakimbie hesabu.

Baada ya hapo mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi hiyo. Parokia zetu zinao, ni suala la kumwomba katekista au mwenyekiti wa jumuiya akuunganishe. Usimwulize kama chuo ni kizuri. Mwulize mambo ya wazi: mko wangapi darasani? Maabara inafanya kazi? Mlikwenda mafunzo kwa vitendo wapi? Hosteli zinatosha, au mnapanga mtaani? Waliodisko mwaka wa kwanza walishindwa na somo gani?

Shauri la tatu ni gharama. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye ni lazima kwanza aketi na kuhesabu kama ana vya kumalizia, asije akachekwa na wapita njia. Basi keti na wazazi, uhesabu. Ada ni sehemu moja tu. Weka malazi, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, bima ya afya, vifaa vya kozi, na miezi ya mafunzo kwa vitendo. Zidisha kwa miaka yote, si kwa muhula wa kwanza peke yake. Michango ya ukoo na jumuiya huwa mingi mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu hupungua.

Bodi ya Mikopo inasaidia, lakini ieleweke vizuri. Maombi ya mkopo ni tofauti na maombi ya chuo, yana dirisha lake na tarehe zake. Kuomba si kupata, na kupata si kupata vyote, kwa kuwa Bodi inapima uhitaji wa kila mwombaji na kumpangia kiasi. Cheti cha kuzaliwa, au cha kifo kwa waliofiwa na mzazi, lazima kihakikiwe na RITA, na cheti cha ubatizo hakichukui nafasi yake. Tena mkopo ni deni: ukishaajiriwa, sheria inataka asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi ikatwe kila mwezi hadi uishe. Hili si la kumtisha mtu. Wengi tunaowajua wasingesoma bila Bodi. Lakini kijana ajue kwamba anakopa kwa mikono ya yule atakayekuwa baada ya miaka mitano.

Tendo la pili: Kuhukumu

Ukishakusanya shauri, unatoa hukumu, yaani unapanga orodha. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 waombaji wa shahada ya kwanza wanaomba moja kwa moja kwenye vyuo, na kila chuo kinamtaka mwombaji kupanga programu kwa mpangilio wa anavyozipenda. Kwa hiyo mpangilio wako una maana.

Sisi tunawashauri vijana wafikirie mafiga matatu, kwa maana jifya moja haliinjiki chungu.

Figa la kwanza ni programu za kujinyoosha. Unazipenda, unakidhi sifa zake za chini, lakini ushindani ni mkubwa na waliopata alama kubwa kuliko zako ni wengi. Weka moja au mbili.

Figa la pili ni programu za kimo chako. Unazipenda, alama zako zinafanana na za wale wanaochaguliwa, na familia inaweza kumudu gharama. Hizi ziwe nyingi kuliko nyingine.

Figa la tatu ni programu za uhakika. Alama zako zinavuka kiwango kwa nafasi ya kutosha, na bado ni kitu unachoweza kukifanya kwa moyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajaza chochote ili mradi nafasi isibaki wazi. Kisha hicho "chochote" ndicho wanachochaguliwa. Kanuni yetu ni hii: usijaze programu ambayo, ukichaguliwa hiyo peke yake, utalia.

Ni muhimu kutofautisha sifa za chini na ushindani. Kwa kawaida mhitimu wa kidato cha sita anahitaji angalau ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu nyingi zinataka zaidi ya hapo. Na kuvuka kiwango cha chini kunakupa haki ya kuomba tu. Nafasi zikiwa mia na waombaji elfu, chuo kinaanza juu na kushuka.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Binti amesoma PCB, amepata C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia, jumla pointi 8. Nyumbani tayari wanamwita daktari. Afanyeje?

Kwanza ajiulize anachokipenda hasa katika udaktari. Kama anachopenda ni kukaa na mgonjwa, kumhudumia na kumfariji, orodha yake itakuwa na udaktari wa binadamu kwenye figa la kwanza, na uuguzi kwenye figa la pili kwa furaha kabisa, kwa kuwa muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa saa nyingi kuliko daktari. Kama anachopenda ni kutafuta chanzo cha ugonjwa, akifurahia darubini kuliko wodi, figa lake la pili litakuwa sayansi ya maabara. Kama amekulia kwenye ng'ombe na anajua mfugo ukifa familia inayumba, Sokoine inaweza kuwa ndiyo nyumba yake, kwa udaktari wa mifugo au sayansi ya wanyama. Na kama jioni zake za kidato cha sita zilipita akiwaeleza wenzake Kemia ubaoni, basi ualimu wa sayansi pale DUCE, Mkwawa au Mwenge hautakuwa figa la mwisho. Pengine ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza.

Mabinti hao wanne wana alama zile zile, na kila mmoja ana orodha yake. Aliyekuwa akiuliza chuo kizuri ni kipi alikuwa anatafuta orodha moja ya watu wote, na orodha hiyo haipo. Sifa kamili za kila programu azihakiki kwenye mwongozo wa mwaka husika, maana hubadilika.

Ikiwa moyo bado unasitasita, tunapendekeza njia ambazo Mtakatifu Inyasi wa Loyola ameziweka katika Mazoezi yake ya Kiroho kwa anayetaka kuamua jambo kubwa. Fikiria mtu usiyemjua kabisa, mwenye alama kama zako, familia kama yako na vipaji kama vyako, anakuja kukuomba ushauri. Ungemwambia aende wapi? Kisha fikiria uko kitandani saa yako ya mwisho: ungependa uwe umechagua nini leo? Njia ya kwanza inaondoa woga na sifa. Ya pili inaondoa haraka. Fanya hivyo ukiwa umetulia mbele ya Sakramenti Kuu, si saa sita usiku ukiwa na hasira baada ya kuzozana na mjomba.

Tendo la tatu: Kutenda

Tomaso anasema busara isiyofika kwenye kutenda haijakamilika. Tumewaona vijana waliotafakari vizuri sana, wakapitwa na dirisha. Kwa hiyo andika tarehe za maombi ya chuo na za mkopo kwenye karatasi moja, uibandike ukutani. Tumia jina lile lile, kwa herufi zile zile, kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na maombi yote. Tumia namba ya simu ambayo ni yako na itabaki hewani. Usimwachie mtu wa steshenari akujazie peke yake na kuweka nywila asiyokuambia. Kaa naye, soma kila ukurasa kabla ya kutuma.

Uliyeko kambini JKT, panga mapema na mtu mmoja wa kuaminika nyumbani, mpe orodha yako iliyokwisha kuamuliwa ili asilazimike kukuamulia.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu utakayotumiwa, ndani ya siku zilizopangwa. Asiyethibitisha anaweza kupoteza vyote. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa huponyoka yote mawili. Ukikosa awamu ya kwanza, usikate tamaa wala usijaze kwa hasira. Rudi kwenye daftari lako, angalia programu zenye nafasi zilizobaki, panga upya.

Kwa wazazi na walezi wetu

Baba zetu na mama zetu, tunaandika kwa heshima yote. Mna haki ya kusema, maana ninyi ndio mnaohesabu shilingi. Mna haki ya kumwambia mtoto, "Hapa hatufiki." Huo ni ukweli, na ukweli unamsaidia kupanga. Lakini tunawaomba mtofautishe uwezo wenu na ndoto zenu. Baba aliyetamani kuwa mhandisi akakosa nafasi anaweza, bila kukusudia, kumvika mwanawe mavazi ya Sauli. Mtoto anatembea nayo kwa sababu anampenda baba, na anaanguka nayo mwaka wa pili.

Na sisi sote parokiani tuangalie maswali yetu. Tunapomwuliza kijana "Umepangiwa chuo gani?" kisha tunanyamaza akitaja jina tusilolijua, tumemfundisha kitu. Tumwulize anakwenda kusomea nini, na alivutwa na nini. Mtakatifu Paulo aliwaeleza Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi na jicho haliwezi kuukataa mkono. Jumuiya inayoheshimu daktari peke yake itakosa mwalimu wa hesabu, fundi umeme na bwana shamba.

Kama njia ni ya chini

Wapo ambao alama hazitoshi shahada. Kwao kuna stashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, vya afya, kilimo, ufundi, maji, usafirishaji na fedha, na kuna VETA. Aliyemaliza stashahada kwa wastani wa GPA 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada inayohusiana nayo. Anayefanya kazi na asiyeweza kuacha familia ana Chuo Kikuu Huria, chenye vituo mikoani. Wengi wanaopita njia hii wanafika chuo kikuu wakiwa tayari wanaijua kazi kwa mikono.

Inyasi tuliyemtaja alipita katika vyuo vikuu vya Alcalá na Salamanca akisoma mambo mengi kwa haraka bila msingi imara. Alipofika Paris mwaka 1528, mtu mzima wa miaka kama 37, aliona Kilatini chake hakitoshi. Akakaa darasani pamoja na watoto kuanza tena chini. Hakuona aibu, na baada ya hapo masomo yake yalisimama.

Sisi wenyewe hatukujaza fomu za kuchagua seminari. Tulitumwa na Maaskofu wetu. Lakini kila mwaka walezi wanatuuliza, nasi tunajiuliza, kama maisha haya ndiyo tuliyoitiwa. Wenzetu kadhaa tuliokaa nao dawati moja wametoka baada ya kutafakari kwa sala. Wengine sasa ni walimu, mmoja anasomea uhasibu, na mwaka huu wapo wanaojaza fomu za chuo kama ninyi. Hatuwaiti walioshindwa. Walitafuta mahali ambapo Mungu anaweza kuwatumia vizuri zaidi, nasi tuliobaki tunatafuta jambo lilo hilo.

Wiki hii, basi, chukua daftari. Ukurasa wa kwanza andika kuhusu wewe, wa pili programu, wa tatu gharama, wa nne mafiga matatu. Uwaonyeshe wazazi, umwonyeshe mwalimu mmoja anayekujua, na ukitaka mje mtuonyeshe na sisi, tupo parokiani hadi likizo iishe. Tunawaombea nyote mnaosubiri, kwa maombezi ya Bikira Maria, Kikao cha Hekima.